Mchuzi wa Malkia

Randburg, Johannesburg
Jumapili, 3 Machi 2024

Shangazi Emérite,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mimi mzima, na soksi ulizonifumia bado zina visigino. Ndugu yangu Yves ameandika kutoka Cape Town: mkewe amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina lako la pili, kwa hiyo jiandae kuombwa zawadi. Barua hii anakuletea Mwanaharusi, yule mfanyabiashara tunayeonana naye Newtown kabla hajapanda basi la kuja huko. Najua watu wa Buyenzi wanakucheka kwamba zama hizi bado unaandika kwa kalamu. Lakini masikio yako yamechoka, na simu ya maana pekee katika ua wenu ni ya Thérèse, ambaye hujamsemesha miaka kumi na moja. Basi tuandike.

Neno lenyewe ni hili. Nimehama mtaa wa Alexandra. Nilikuambia duka nimelifunga kwa sababu biashara imelala. Haikulala, Shangazi, iliamshwa. Walikuja mchana kweupe, majirani ninaojua hadi majina ya watoto wao, wakabeba friji, wakaniambia nina mpaka jioni, mimi na lafudhi yangu. Sasa nakaa Randburg, chumba cha nyuma, ndani ya ukuta wenye nyaya za umeme juu. Mlango wangu unafungwa kwa ndani. Huo ndio mshahara. Zile pesa wanazonipa ni nyongeza.

Kazi yangu ni paka wawili. Usicheke. Ni paka wa Kiajemi, manyoya kama ya mtu aliyeshika waya, na uso umebonyea ndani kana kwamba wamegonga mlango wa kioo. Wana cheti cha ukoo kinachotaja hadi babu wa babu. Hati yangu ya ukimbizi inamtaja baba tu, tena jina wamelikosea. Jike anaitwa Malkia. Dume anaitwa Kamishna, na anakutazama sawasawa na yule karani wa dirisha la wakimbizi: hakukatai, hakukubali, anapepesa macho.

Mwenye nyumba ni Madam Jeptoo, Mkenya, mtu wa benki. Alinichagua kati ya watu wanne kwa sababu paka wake hawajui Kiingereza, wamelelewa kwa Kiswahili. Sasa ameitwa Eldoret, mama yake ni mgonjwa. Hakusema anaumwa nini, nami sikuuliza. Ameniachia funguo, mizani ndogo ya jikoni, na karatasi kwenye friji. Asubuhi gramu ishirini na nane za biskuti zao, jioni ishirini na saba. Kijiko kimoja cha chakula laini. Maji yaliyochujwa. Alinieleza vizuri: paka ni mla nyama tangu kuumbwa, hawezi kuishi kwa ugali, na hawa wenye uso bapa wanatengenezewa biskuti za umbo lao ili waweze kuzikamata. Chini kabisa ameandika: Hakuna maziwa. Hakuna mabaki. Hakuna kitu kingine CHOCHOTE. Amepigia mstari mara mbili. Kila siku nampelekea picha ya bakuli juu ya mizani, paka wakinusa pembeni.

Adamu, aliyenitangulia, aliwapa jibini. Kamishna akanenepa. Adamu aliondoka siku hiyohiyo na mfuko mmoja.

Sasa Malkia hali. Siku ya tatu leo anagusa punje kumi na mbili, nimezihesabu, kisha ananigeuzia mgongo. Alikuwa kilo nne na kidogo, sasa tatu na nusu. Karatasi inasema asipokula siku nzima nipige simu. Sijapiga. Nikipiga, atauliza nimefanya nini, na mimi sijafanya kitu, na hicho ndicho kigumu kuthibitisha. Wewe umepika miaka thelathini kwenye nyumba ya wageni ya mapadri. Niambie, mtu mwenye maringo anarudishwaje mezani?

Wako, Léonce

*

Buyenzi, Bujumbura
24 Machi 2024

Léonce, mtoto wa kaka yangu,

Mwanaharusi amefika na miguu imevimba na barua inanuka samaki, lakini nimesoma yote. Mungu amkuze huyo mtoto wa Yves. Mvua hapa imebomoa ukuta wa choo, nimeshapata fundi. Goti langu usiliulizie.

Hilo la duka ungeniambia mapema. Nimelisoma nimesimama, ikabidi nikae.

Sasa hao paka. Biskuti kavu, asubuhi na jioni, maisha yote! Hata mfungwa anapewa mchuzi. Huyo Malkia hana maringo, ana akili. Mnyama anakula kwa pua kwanza, na biskuti hazina harufu ya kumwita mtu.

Chukua paja la kuku. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa mpaka kiwe cha dhahabu, weka saumu punje mbili zilizopondwa, tia kuku, tia maji, acha moto mdogo mpaka nyama iachie mfupa. Ponda kitunguu kipotelee kwenye mchuzi. Chumvi usitie; chumvi inaharibu figo za mnyama, hilo ninalijua, mimi si mjinga. Pilipili pia usitie. Lakini kitunguu usiache. Nyama bila kitunguu ni matusi kwa uliyemkaribisha.

Paka wangu Kadogo alikula sufuria yangu miaka mitano pale kwa mapadri, na baadaye hapa nyumbani. Alichomuua si chakula. Aliyemuua anajulikana na anakaa mlango wa pili.

Na hiyo karatasi ya friji, karatasi haijawahi kupika.

Shangazi yako, Emérite

*

Randburg
9 Aprili 2024

Shangazi Emérite,

Salamu nyingi, na pole ya choo. Goti siliulizii. Huku baridi imeanza kunusa miguu. Yves anasema mtoto analia kwa sauti yako.

Mwezi mzima nikingoja barua yako aliishi kwa kudonoa biskuti chache. Sasa Malkia amekula! Niliweka bakuli chini, sikumaliza kunyooka. Alikula amefumba macho, akalamba bakuli mpaka likatembea jikoni likagonga mlango. Sasa saa kumi na moja alfajiri ananisubiri dirishani pangu. Kilo tatu na gramu mia tisa.

Kamishna alikuja, akanusa, akanitazama kama niliyemletea fomu ya mwaka jana, akarudi kwenye biskuti zake. Nimemjaribu mara tatu. Yeye ni mtu wa utaratibu.

Picha bado napeleka. Napima biskuti za Malkia, gramu ishirini na nane, napiga picha, kisha nazimwaga kwenye mfuko ulio chini ya kitanda changu. Kuzitupa naogopa, mapipa ya huku yana watu wanaoyasoma. Mfuko umejaa nusu. Chumba changu kinanuka samaki, na nikilala nasikia kama nimelalia ushahidi.

Madam anajibu kwa alama ya dole gumba. Mara moja tu aliuliza: "Wako salama?" Nikajibu: "Salama kabisa, Madam." Hilo halikuwa uongo. Ile picha ndiyo uongo, na picha sikuisema mimi.

Nakushukuru. Umeniokolea mlango wangu.

Léonce

*

Buyenzi
22 Aprili 2024

Léonce,

Salamu. Wote wazima. Nimecheka mpaka fundi wa choo akaja kuniangalia. Si nilikuambia? Miaka thelathini si ya kuazima!

Sasa ongeza saumu, punje nne badala ya mbili. Saumu inasafisha damu.

Naandika kwa haraka, Mwanaharusi yuko mlangoni na teksi inamlia honi.

Emérite

*

Randburg
Jumatatu, 6 Mei 2024

Shangazi,

Nakusalimu. Yves na familia hawajambo. Sina habari nyingine za kuweka mbele ya hii.

Malkia anaumwa. Alhamisi hakuja dirishani. Ijumaa alipanda kochi, akashindwa, akabaki ameshika kitambaa kwa kucha kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Jumamosi nikaona mchanga anaokojolea umekuwa rangi ya chai ya rangi. Nilisema moyoni, kesho. Jana nikasema tena kesho. Leo nimemfunua mdomo: fizi nyeupe, Shangazi. Nyeupe kama ndani ya nazi.

Nimembeba kwa daktari wa wanyama, mwanamke mpole, anaongea huku akikunja mikono ya koti. Akatoa damu, akaitazama kwenye hadubini, akarudi akiwa amebadilika uso. Akaniambia damu imevunjika, chembe nyekundu zinakufa zenyewe. Akaniuliza: "Amekula kitunguu? Kitunguu saumu? Hata kilichopikwa, hata supu?"

Hivyo, moja kwa moja. Kana kwamba alikuwa amesimama nyuma yangu jikoni.

Akanieleza bila kuulizwa: kwa paka, kitunguu ni sumu. Kupika hakuiondoi. Saumu ni mbaya zaidi. Haiui siku hiyo, inakusanyika kidogo kidogo.

Nikasema: "Hapana, Daktari. Anakula kilicho kwenye karatasi."

Nilijisikia nikisema. Sauti ilikuwa nzuri, hata mimi ningeiamini.

Jumatano, 8 Mei

Mwanaharusi ameahirisha safari, basi limeharibika, kwa hiyo naendelea hapahapa.

Mchuzi nimeumwaga. Sufuria nimeisugua mara tano, na mikono bado inanuka.

Malkia amelazwa na dripu. Hali. Kwa vile nilisema si kitunguu, daktari anatafuta kwingine. Anadhani ni maambukizi ya damu, ya kushikwa ndani ya nyumba, yaliyoufanya mwili wake uanze kuila damu yake wenyewe. Anataka kuanza dawa kali ya kushusha kinga ya mwili. Anasema Malkia anahitaji damu ya paka mwingine, na Kamishna angefaa, damu zao zinaoana, lakini hathubutu kuitumia kwa sababu huenda naye ameambukizwa. Unaona uongo wangu unavyofanya kazi? Paka mzima anakaa kwenye kikapu, damu yake imekatazwa, na ni mimi tu katika Johannesburg nzima ninayejua kwamba ni safi. Hakuwahi kulamba hata tone.

Madam amepiga simu. Sauti imechoka, nyuma yake watu wanaongea taratibu.

"Léonce, amekula nini?"

"Kilicho kwenye karatasi, Madam."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

Kisha akasema: "Sawa. Siwezi kutoka huku sasa." Hakusema kwa nini.

Barua yako ya tarehe 22 imefika leo mchana. Unasema niongeze saumu. Nimeisoma mara moja, nimeikunja.

Ijumaa, 10 Mei

Mwanaharusi anaondoka sasa hivi, amesimama hapa Newtown anagonga saa yake. Bado sijasema. Nilifika kwa daktari jana, nikasimama, nikamuuliza kama wana maegesho. Sina gari, Shangazi.

Nikisema, narudi Alexandra na mfuko mmoja. Nisiposema, anakufa. Nimeliandika hapa nilione limekaa kwenye karatasi, kwa sababu kichwani linahamahama.

Sikuandikii kukulaumu.

L.

*

Buyenzi
25 Mei 2024

Léonce mwanangu,

Salamu nitakuwekea mwisho, nisamehe.

Barua yako nimeipata Jumatano. Nilipofika pale kwa rangi ya chai nilivua miwani. Ulipofika kwenye fizi sikuwa nasoma tena, nilikuwa namwona. Kadogo alikuwa hivyohivyo. Mkojo, fizi, kushindwa kupanda kiti. Nami kila alivyozidi kudhoofika nilizidi kumpikia. Nilimwongezea saumu, Léonce. Ya kusafisha damu. Nilimlisha kwa kijiko.

Alipokufa nilitoka uani nikasema mbele ya watu wote kwamba Thérèse amemwekea sumu, kwa sababu wiki ile aligombana na mimi juu ya kamba ya nguo. Alilia. Nikasema analia kwa sababu ameshikwa. Watoto wake waliitwa watoto wa mtia sumu mpaka wakaolewa.

Ningekuandikia haya na kungoja Mwanaharusi, ingekuwa wiki mbili tena. Nikavaa kitenge, nikagonga mlango wa pili. Alifungua. Ameota mvi. Nikampa barua yako asome mwenyewe, kwa sababu mdomo haukufunguka. Alisoma amesimama, taratibu, anafuata kwa kidole. Alipomaliza aliingia ndani nikajua ndiyo hivyo, amenifungia. Akarudi na simu.

Akaniambia karibu na sikio, ili nisikie: "Namba ya huyo mtoto ni ipi?"

Nikampa namba, akaandika nilichotaka. Nikaanza kumwomba radhi: "Thérèse, mimi..." Akasema: "Leo ni paka wa huyo mtoto. Yako utakuja kuisema siku nyingine, na utaisema uani, si hapa mlangoni." Siku hiyo bado sijaichagua. Magoti yote mawili sasa.

Sema, Léonce. Sema ni shangazi yako mpishi. Mimi hawawezi kunifukuza popote.

Salamu kwa Yves.

Emérite

*

Randburg
Jumatatu, 10 Juni 2024

Shangazi wangu,

Nakusalimu wewe, na kwa mara ya kwanza namsalimu Mama Thérèse, kama salamu zangu zinaruhusiwa kuingia humo. Yves anasema mtoto ameota jino moja na tayari anauma.

Ujumbe wenu ulifika tarehe 22: NI KITUNGUU. NI MIMI. SEMA. EMÉRITE. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate, namba ya Burundi nisiyoijua, nikadhani kuna msiba. Lakini nilikuwa nimeshasema, Shangazi. Nataka ujue hivyo, kwa sababu ningependa angalau hilo liwe langu.

Ilikuwa Jumamosi, siku moja baada ya kumpa Mwanaharusi barua. Daktari alikuwa ameshika sindano ya ile dawa ya kinga. Amevua kifuniko. Nikasema, "Ni supu." Akasema, "Samahani?" Nikasema ni supu, ya kuku, kitunguu kimoja kizima kila sufuria, saumu punje mbili, mwezi na zaidi, na Kamishna hajawahi kuigusa. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwa Kiingereza kibaya, nikamtaja hadi fundi wako wa choo, sijui kwa nini.

Aliweka sindano chini. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, Kamishna yuko wapi, nikakimbia. Eish, nilikimbia Randburg nzima na kikapu mikononi, robot, ile taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu sikuiona, magari yakinipigia honi, na Kamishna ndani ametulia kama anapelekwa mkutanoni. Alitoa damu. Alinyolewa shingo, akaonekana ana shingo. Siku ya tatu fizi za Malkia zikawa na rangi, kama mtu aliyekumbuka jambo la aibu.

Amepona. Anakula biskuti zile zile, zilizolowekwa maji ya uvuguvugu. Maji ya uvuguvugu tu, Shangazi. Daktari anasema ndiyo yangetosha tangu Machi: yanatoa harufu.

Sasa Madam. Daktari alimpigia akamweleza. Mimi hakunipigia. Wiki nne hakuna hata dole gumba. Nilifungasha mfuko wangu nikauweka mlangoni, kila asubuhi nikawa nauruka kwenda kupima chakula. Jana mchana geti likafunguka.

Aliingia amevaa nyeusi. Mama yake amefariki, Shangazi, nami sikujua. Alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni na nguo zake za safari, Malkia akampanda mapajani. Alimpapasa shingo, mahali pa dripu. Nikasimama mlangoni. Pole niliyokuwa nayo mdomoni ilikuwa kubwa kuliko mlango.

"Kuja hapa," akasema. "Hapo mlangoni unafanya nini, na huo mfuko ni wa nini?"

"Wa kuondoka, Madam."

"Nimekwambia uondoke?"

"Bado."

"Ulikaa siku ngapi kabla useme? Tangu daktari akuulize."

Nilihesabu. Nilitamani hesabu iwe na kona. "Tano."

Akahesabu naye kwa vidole, polepole, juu ya mgongo wa paka. Kisha akasema bila kuniangalia: "Mama yangu alianguka bafuni. Msichana aliyekuwa anamwangalia alimwinua, akamlaza, akaogopa kutuambia. Alikaa siku mbili. Tukadhani ni uchovu tu."

Nilitazama karatasi ya friji.

"Nilimfukuza kabla hajamaliza kuongea," akasema. "Alikuwa anajaribu kuniambia kitu, nikamwambia atoke. Mpaka leo sijui ilikuwaje. Alianguka vipi, aliongea nini, kama aliniita. Huyo msichana peke yake ndiye anajua, na simu yake haipatikani."

Malkia akashuka, akaenda kunusa mfuko wangu.

"Na picha zako," Madam akasema, "kuanzia Aprili hakuna paka hata mmoja kwenye picha. Bakuli tu. Niliona. Nilikuwa nazitazama kila siku kando ya kitanda cha Mama, naona, nanyamaza, kwa sababu ningeuliza ungenijibu. Keti, Léonce. Anza siku ya kwanza. Usiruke kitu, na usinipambie."

Nikaketi kwenye sakafu. Nikamwambia yote: punje kumi na mbili, barua zako, mchuzi, mfuko wa biskuti chini ya kitanda, maegesho ya gari. Hapo kwenye maegesho alitoa sauti, sijui ilikuwa kicheko au kilio, na sikuthubutu kuinua macho nihakikishe. Aliniuliza maswali mengi. Mengine hayakuwa ya paka. Aliuliza mtu anayejua na hasemi anajisikiaje mchana, akiwa anaosha vyombo. Nilimjibu nilivyoweza.

Nilipomaliza aliinuka, akapima chakula cha jioni mwenyewe, akaloweka, akaweka chini. Akasimama amenipa mgongo.

"Kesho asubuhi utapima wewe," akasema. "Mimi nitakuwa nimesimama hapa naangalia."

"Na baada ya kesho, Madam?"

"Nimesema kesho."

Ndiyo kesho yenyewe, Shangazi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sijafungua mfuko, ila nimeutoa mlangoni nikauweka kando. Nimeosha mikono mara mbili. Jikoni nasikia ndala zake, na mizani imelia ule mlio wake wa kuwashwa.

Naenda.

Léonce